Bloki ya Pikapu na Jani la Isale

Mwanangu, bloki ya boti ya shangazi yangu Anastazia niliipasua mimi. Sentensi hii nimeiandika mara nne, na mara tatu za kwanza kulikuwa na neno "labda" ndani yake. Nilikana kwa miaka saba. Kwa mdomo nilikana mara moja tu. Miaka iliyobaki nilikana kwa kunyamaza, kazi ambayo haichoshi koo.

Siku yenyewe naikumbuka kwa joto lake. Shangazi, mzaliwa wa kijiji cha Kilema, juu mlimani, kama mimi, alikuwa amechoshwa na bei ya kahawa, akafanya jambo lililowachekesha wanaume wote wa ukoo: alinunua boti. Mwanamke wa migombani, asiyejua kuogelea, anunue boti! Lakini ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limefunguka, na kila mtu alikuwa akijaribu kitu. Boti yake ilizunguka kambi za wavuvi katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kule chini kusini mwa Moshi, ikakusanya perege na kuwaleta ukingoni, na kutoka hapo wakapanda gari kwenda soko la Kiboriloni.

Injini ya boti hiyo aliifunga Fundi Aminieli, Mlutheri mmoja mpole wa Masama, mwenye kipara na daftari la vipimo katika mfuko wa shati. Pale ukingoni alikuwa na kibanda chenye kibao alichokiandika kwa mkono wake: FUNDI WA MABOTI. Alikuwa peke yake, kwa hiyo kibao hakikudanganya.

Mimi nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili chuo kikuu, nipo nyumbani kwa likizo ndefu. Nilikuwa najua mambo mengi sana, mwanangu, na ninasikitika kukuambia kwamba mengi nimeyasahau na mengine hayakuwa kweli. Rafiki yangu Rehema alikuwa amekuja kutoka Dar kututembelea, nami nikampeleka bwawani. Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu ili ipakwe lami chini. Hapakuwa na mtu. Rehema akaniuliza, "Hii kitu inawaka kweli?"

Mtu mwingine angejibu "inawaka" na kuendelea kula embe. Mimi nikapanda nikaiwasha.

Sasa injini ile ilipozwa kwa maji ya bwawa. Pampu iliyavuta kutoka chini ya boti, yakapita ndani ya bloki, yaani lile pande kubwa la chuma ambalo pistoni hucheza ndani yake, kisha yakatoka. Boti ikiwa nchi kavu, pampu inavuta hewa. Hilo nililijua. Nililisahau kwa muda wa dakika kumi hivi, huku nikimweleza Rehema kwa mikono yote miwili jinsi injini inavyofanya kazi. Rangi ilipoanza kunuka na moshi kupanda, nilizima, nikashika ndoo ya bluu ya kuchotea maji, nikakimbia bwawani, nikaimwagia yote.

Chuma kilitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyeguna. Nikangoja mvuke uishe, nikapangusa pale palipoonekana, nikarudisha ndoo mahali pake. Rehema akasema, "Si imepoa?" Nikasema imepoa.

Wiki iliyofuata boti ilirudishwa majini. Shangazi alikuwa ndani yake na makreti kumi na mbili ya samaki, katikati ya bwawa, alipohisi miguu imelowa. Maji yalikuwa yakisukumwa na pampu na kutokea pembeni mwa bloki, upande uliogeukia ubavu wa boti, usioonekana, yakijaza boti. Injini ikazimika. Shangazi alichota maji kwa ile ile ndoo ya bluu, akisali rozari kwa sauti, mpaka mtumbwi wa wavuvi ukaja kuivuta boti. Kesho yake soko zima la Kiboriloni lilikuwa na habari, maana shangazi hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Yule mtu wa Masama amenifungia kaburi!" alisema. "Amelipaka na rangi!"

Nilikuwepo. Nilimpangia mafungu ya samaki mezani, na nilipanga vizuri.

Jumapili moja baada ya ibada, zake na zetu, Fundi Aminieli alipanda mpaka Kilema. Shangazi alimwona akivuka mfongo, ule mfereji unaopitisha maji kihambani kwetu, katika shamba la migomba la ukoo, akasimama katikati ya ua na mikono kiunoni.

"Mama, sikuja kubishana," Fundi akasema.

"Umekuja kufanya nini basi? Umeniletea boti nyingine?"

Fundi akafungua koti. Ndani yake alikuwa amebeba kichwa cha isale, kibichi, na jani moja refu limefungwa fundo. Labda wewe, mwanangu, umekulia mjini na unaliona isale kama ua la mpakani tu. Kwetu Uchagani, mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huna ruhusa ya kulikataa. Hata kama amekutendea jambo zito kiasi gani, unalipokea, na ugomvi unaishia hapo.

"Sijui nilikosea wapi," akasema. "Nimepitia daftari langu mara tatu. Lakini injini niliifunga mimi, na wewe ulikuwa ndani maji yakaingia. Naomba tuyamalize. Nitaibadilisha bloki kwa mikono yangu, na kazi hutanilipa."

Shangazi aliliangalia lile jani, akashusha mikono kutoka kiunoni. "Ai, Fundi," akasema, "umenikamata." Akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akaniita nilete chai.

Nikatoka na sinia. Mzee yule alikuwa ameomba msamaha kwa kosa langu, mbele ya macho yangu, kwa kitu kitakatifu kuliko vyote tulivyokuwa navyo pale uani. Nilichofanya mimi, mwanangu, ni kumwongezea sukari.

Bloki ya boti ya aina ile haikupatikana Moshi wala Dar. Fundi akasema atatumia ya gari: kulikuwa na pikapu iliyopinduka, injini yake ya kiwanda kilekile, ukubwa uleule. Hapo ndipo nilipoona nafasi ya kutoa msaada wa kitaalamu. Nilimfuata hadi gereji moja mjini alikoazima nafasi, nikamweleza kwamba bloki ya gari iliundwa kwa ajili ya barabara, na kwamba ni lazima tufikirie tofauti ya mazingira.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Bloki ni moja, mae," akasema, kwa lile neno letu la kumwita mwanamke kwa upole. "Kiwanda kinamwaga chuma kimoja, halafu kinachagua nani aende wapi. Vinavyotofautiana ni hivi vidogo." Akanionyesha vizibo vya mviringo vilivyopachikwa ubavuni mwa bloki ya pikapu. Vilikuwa vya chuma chepesi. Maji ya bwawa yangevila kwa miezi michache. Akaving'oa kimoja kimoja na kupachika vya shaba. Akatafuta gasketi isiyoshika kutu. Akahakikisha injini inazunguka upande uleule wa zamani, "la sivyo shangazi yako atakwenda sokoni kinyumenyume." Pampu, bomba la moshi na kila kilichokuwa cha boti akakihamisha kutoka bloki ya zamani. Ilimchukua wiki tatu, na siku zote hizo sikumwona akikaza nati bila kuifuta kwanza.

Siku moja tulibaki wawili. Alikuwa ameinua bloki ya zamani kwa mnyororo, inaning'inia, na anaizungusha taratibu kwenye mwanga. Ubavuni kulikuwa na ufa mrefu kama kidole. Rangi yake aliyoipaka mwenyewe ilikuwa imeungua, na juu ya iliyoungua kulikuwa na michirizi myeupe, imeshuka kutoka juu kwenda chini, kama maji yaliyokaukia kwenye chuma cha moto.

Akaiangalia. Akaniangalia. Hakukunja uso.

"Ulitumia ndoo au sufuria?"

"Ndoo gani?" nikasema.

Akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni kwanza. Sikupita. "Haya," akasema, akaishusha bloki sakafuni, ufa ukiwa chini.

Hakumwambia shangazi. Bloki ya pikapu ilisukuma boti mpaka shangazi alipoiuza, bila kusumbua hata siku moja. Lakini hakuna anayesimulia injini isiyoharibika. Pale ukingoni Fundi alibaki "yule aliyetaka kumzamisha Anastazia," wenye maboti wakatafuta watu wengine, na baada ya mwaka mmoja alikishusha kibao chake akarudi Masama kutengeneza mashine za kumenyea kahawa.

Shangazi naye alilichomeka lile isale kando ya mfongo, likashika mizizi. Kila Krismasi nilipopanda nyumbani kama Wachaga wote, nililikuta limeongezeka. Nilipata shahada, nikapata ya pili, nikaanza kuwaandikia watu magazetini juu ya uadilifu. Isale likanipita urefu.

Krismasi ya mwaka wa saba shangazi akanipa panga. "Lipunguze hilo isale la Fundi, limeziba maji."

Nikasimama na panga mkononi. "Shangazi, hilo si lake," nikasema. Na nikamwambia yote, hadi rangi ya ndoo.

Alikaa juu ya jiwe la mfongo. "Yesu wangu," akasema. "Na mimi nilimtangaza soko zima." Akainuka. "Haya. Kiboriloni nitakwenda mwenyewe, nitawatafuta walionisikia. Wewe kata kichwa kimoja. Kizuri! Usinipelekee mtu wa watu majani makavu."

Masama nilimkuta mkewe peke yake. Fundi alikuwa Arusha kwa binti yake, akitibiwa macho. "Hili ni la nini?" mama akauliza. Nikasema ni la bloki. "Ile?" akasema, akalipokea, akaliweka kwenye maji. "Acha namba yako. Akirudi atalikuta."

Nilingoja siku tisa, na katika siku hizo nililifikiria neno hili ninalokupa sasa, mwanangu, kabla sijamaliza. Utakosea, hilo silizuii, ni sehemu ya kuwa na mikono. Ila ukikosea sema siku ileile, chuma kikiwa bado cha moto, maana usipochukua kosa lako kuna mtu mwema atakayelichukua, na watu wema hawana mgongo wa ziada. Na mtu akikuuliza kwa upole, jua amekufungulia mlango, pita. Nakuombea uwe na watu wa kukuuliza hivyo, na nakuombea miguu mepesi kuliko yangu.

Siku ya tisa nilikuwa nasahihisha insha, simu ikaita.

"Manka," sauti ya Fundi ikaniita.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nimelikuta isale. Ni lile langu?"

"Ni mtoto wake."

Nikamsikia akipumua. "Kuna kitu nilikuuliza kule gereji."

"Uliniuliza."

"Sasa?"

"Ndoo, Fundi. Ile ya bluu."

Nikamsikia akigeuza uso na kuita kwa nguvu ndani ya nyumba: "Mama! Anasema ndoo!" Na kwa mbali sauti ya mkewe, yenye ushindi wa miaka saba: "Si nilikuambia?"

"Tumebishana miaka yote hii, mimi nilisema sufuria," akaniambia, akicheka. "Haya, mae. Yamekwisha. Mungu akupe watoto watakaojibu upesi kuliko wewe."

Akakata simu.