Makaa ya Vifuu

Du.

Mchi ulitua kinuni mara moja, ukanyamaza, kana kwamba umejisikia wenyewe ukaogopa. Nilipokuwa mtoto, katika kijiji chetu nyuma ya Malindi, sauti hiyo ilitosha kukata mazungumzo ya nyumba nzima. Kinu hakitwangwi usiku. Anayetwanga usiku hatwangi chakula. Mama alizima tochi ya simu, akanivuta ubavuni.

"Ni yeye, mama?"

"Lala. Ukimtaja atakusikia."

Alikuwa hawe wangu, nyanya yangu, mama mzazi wa baba, aliyeishi peke yake upande wa pili wa mikorosho. Babu alipokufa na shamba likaanza kugombewa, Katana, mwana wa mke mwenza wa hawe, alisema mvi za hawe si za uzee, ni za uchawi. Tangu hapo jina lake likakatika midomoni mwa watu. Nalo lilikuwa jina langu pia, maana kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Basi nami nikafutwa pamoja naye, nikawa Kasichana tu, kijisichana cha nyumbani. Baba hakusema neno. Alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, akirudi Jumamosi na nyayo nyeupe zilizopasuka, na kimya chake kilikuwa kikavu kama chumvi yenyewe.

Asubuhi iliyofuata usiku ule, Jumamosi, kuku wetu alikimbilia uani kwa hawe. Nikamfuata kabla sijakumbuka kuogopa.

Alikuwa ameketi kando ya kinu. Ndani mlikuwa na makaa ya vifuu yaliyotwangwa yakawa unga, na pembeni mafuta ya nazi kwenye kifuu. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba." Alinitazama, kisha akatazama njia. "Umetumwa?"

"La. Kuku."

"Kuku wenu hana adabu, lakini ana macho mazuri. Hebu nikopeshe yako. Huku nyuma kumebaki nini? Kisogo changu sikioni."

Kisogoni nywele zilikuwa bado nyeupe, kama pamba.

"Mbona wajipaka, hawe?"

"Mvi zaua, mjukuu wangu."

"Na mbona watwanga usiku?"

"Mchana wataniona nazificha. Watasema, mwenye kuficha ana lake."

Nikachovya vidole, nikampaka. Kichwa chake kilikuwa kidogo na cha moto, kama cha mdogo wangu akiwa na homa. Pikipiki ilipita barabarani, na chini ya vidole vyangu mwili mzima ukatetemeka. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia: katika ule usiku wote tuliokuwa tukimwogopa, aliyeogopa kuliko sisi sote alikuwa yeye.

Mama alipoiona mikono yangu alipiga ukemi. Katana akaja mbio.

"Kamtia alama! Mwaona? Kamtia mtoto alama!"

"Ni makaa ya vifuu," nikasema. "Nimempaka mimi."

"Nyamaza. Usharogwa wewe, si wewe unayesema."

Alasiri uani kwa hawe palijaa vijana wenye mapanga, wengine niliowajua kwa majina ya utani. Mmoja alicheka, "Bibi, leo waenda harusini?" Katana alichukua ndoo ya maji akammwagia hawe kichwani. Weusi ukateremka usoni, shingoni, ukaloweka kanga yake, na mvi zikatokeza moja moja.

"Hizo! Si hizo?" akapaza sauti, kama aliyeona damu.

Nikatazama nami. Niliona nywele tu.

Siku hizi, nikipita sokoni Kilifi nikamwona mzee aliyekunjamana uso, nywele zikiwa nyeusi ti, vidole vyangu hukumbuka kabla yangu. Watu humcheka kwamba ataka ujana. Mimi husikia mchi. Kuna wanaojifunza haki kwa kuisoma. Mimi nilijifunza kwa kugusa kisogo, na sidhani ningeamini kwa njia nyingine. Hawe alikufa baadaye kitandani kwetu, nyumbani kwa baba, mvi zake zikiwa wazi juu ya mto. Nikimkumbuka, hata hivyo, huanza na alasiri ile ya uani.

Maana baba alikuwa amefika. Alisimama ukingoni mwa mikorosho, nyayo nyeupe, mfuko wa kazi begani. Panga la Katana lilikuwa limeshainuka. Vijana walimgeukia baba, wakingoja anyamaze kama alivyonyamaza siku zote.

Hakumtazama Katana. Alinyoosha mkono, akaita kwa sauti iliyopasuka kama nyayo zake:

"Mbeyu! Njoo twende nyumbani."

Tukaitika sote wawili, hawe na mimi.