Muziki wa Dunia Ipi?

Mjomba wangu ni fundi magitaa. Karakana yake ni chumba kimoja kinachonuka gundi na vumbi la mbao, na hapo ndipo yule bwana wa kurekodi alipotukuta. Mimi nilimtilia shaka tangu mlangoni. Mtu gani anasifia kila kitu, mpaka kiti kibovu?

"Nakusanya muziki wa dunia, nitoe albamu," akasema.

"Kwani wengine wanapigia wapi, mwezini?" nikamuuliza.

Akacheka tu. Shaka ikanizidi.

Mjomba alikuwa na lake moyoni. Binti yake, Kijino, alihamia ng'ambo baada ya baba kususia harusi yake, na tangu hapo simu za baba hapokei. Mjomba akamtungia wimbo wa kumwomba radhi.

"Albamu itafika kule aliko mwanangu?" akauliza.

"Kila mahali, mzee!"

Basi, mjomba kwisha habari yake.

Yule bwana akataka spika izimwe, eti gitaa la umeme si la asili. Akamvua hata fulana ya timu ya mpira kwa ajili ya picha. Nikasonya. Mjomba akanikata jicho, akaimba beti zote mpaka sauti ikamkauka.

Albamu ilipotoka tuliisikiliza kwenye simu yangu. Wimbo wake umeitwa "Wimbo wa Mavuno". Mavuno! Mtu hajashika jembe maisha yake yote! Ngoma wameongeza, na sauti yake iliyobaki ni ule mguno wa kabla ya kuimba, unarudiwa rudiwa mpaka kero. Neno hata moja hamna! Nikampigia yule bwana, nikamfokea.

"Dada, wapenzi wa muziki huu hawahitaji maneno. Wanataka hisia."

Hisia za nani, wewe?

Mjomba akarudi kupiga msasa shingo ya gitaa iliyokwisha kulainika zamani. Roho iliniuma.

Siku chache baadaye Kijino akanipigia mimi. Alikuwa kwenye foleni dukani, wimbo ukapigwa.

"Yule ni baba," akasema. "Huwa anaguna hivyo akiwa na jambo zito. Alitaka kusema nini?"

Mdomo uliniwasha nimwimbie beti zote. Nikajikaza, nikampa mjomba simu.

Akaishika kwa mikono miwili. Wimbo wote ulikuwa umemtoka kichwani.

"Harusi yako nilitakiwa kuja," akasema. "Nisamehe, mwanangu."