Sauti ya Namba Saba

Enzi zetu pale Nakwa, kijiji cha Babati, mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga hata barua nyingine bado ziliandikwa "Arusha", na televisheni ya mtaa ilikuwa moja tu, ya chogo, sebuleni kwa Baba Salma mwenye duka. Tulinawa miguu kwanza ndipo tukaketi mkekani. Mmoja wetu alibaki nje kuzungusha antena, akipaza sauti, "Imeshika?" nasi tukimjibu, "Bado, rudisha kidogo!" Watoto wa siku hizi video ikisita kidogo tu, wananuna kutwa nzima.

Kilichotupeleka kwa Baba Salma ni kipindi cha elimu cha watoto, cha ajabu kweli. Hakikuwa na mwalimu wala kwaya. Namba zilicheza zenyewe, vidoa vikarukaruka, na muziki wake ulikuwa mlango unaolia, maji ya ndoo, au mbuzi aliyerekodiwa halafu sauti ikavutwa hadi ikawa kama tarumbeta. Baba Salma alitikisa kichwa: "Hii ni elimu au wazimu?" Lakini hakuzima, na hesabu zilituingia.

Siku moja watengenezaji wa kipindi hicho walifika Babati kutafuta sauti, vijana wawili wenye kipaza sauti cha manyoya tulichokiita paka. Walimkuta bibi yangu, mama yake baba, akitwanga mahindi huku akihesabu kila pigo kwa Kigorowa. Walisimama wakimsikiliza mpaka akamaliza.

"Shikamoo bibi. Kesho tunakuja kukurekodi. Wewe ndiye namba saba yetu."

"Marahaba wanangu. Njooni, nitawatwangia," alisema, akicheka kwa haya.

Mimi nilikuwa darasa la nne. Shuleni waliiga lafudhi ya bibi kila alipoleta uji wangu, na niliwaza: nchi nzima ikimsikia, mimi nitaficha wapi uso? Asubuhi niliwahi kuwasubiri njiani, nikawaambia bibi amekwenda msibani Mutuka. Walisikitika, lakini walikuwa na haraka. Wakaniomba mimi niwape sauti yoyote, nikakimbia kuchukua mfuniko wa sufuria jikoni kupitia mlango wa nyuma, nikaugonga mara saba. Hata kuandika haya naona aibu.

Bibi alivaa kitenge chake cha Krismasi, akakaa mlangoni na mchi mapajani mpaka jioni.

"Labda wamepotea njia," alisema.

"Labda," nikajibu.

Kipindi kiliporushwa, naye alikuja kwa Baba Salma na kitenge kilekile. Ikafika namba saba. Vidoa saba viliruka, na mfuniko wetu uliobonyea ukalia. Aliujua, amefunikia sufuria kwa huo miaka mingapi! Alinitazama, kisha akasema taratibu, "Umegonga vizuri, mjukuu wangu." Afadhali angenichapa.

Bibi ametangulia, na baba pia. Hatuna sauti ya bibi hata ya dakika moja, wakati simu ya binti yangu imejaa video za paka akipiga miayo. Juzi binti huyo aliniomba nimfundishe kuhesabu kwa Kigorowa kama bibi. Nilianza vizuri, nikipiga meza kwa kiganja. Nikafika sita, nikakwama. Wapo wazee kule Singe ninaoweza kuwauliza, na nitawauliza. Lakini sauti ya bibi hawanayo, na mimi nikifika saba, ninachosikia ni mfuniko tu.