Siku Niliyofagia Mwanga wa Mjukuu Wangu

Jiko langu hapa Nsemulwa limeezekwa mabati ya zamani, yamejaa matundu ya misumari. Mvua ikinyesha nanuna. Lakini jua likipanda, kila tundu linashusha mstari wa mwanga hadi chini, umenyooka kama kamba. Mjukuu wangu wa darasa la sita aliipenda hiyo mistari, akamsimulia mwalimu wake wa sayansi. Mwalimu akasema atakuja aione, na mtoto amweleze. Akiridhika, mtoto ndiye atakayewakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi mjini.

Mimi niliishia darasa la pili. Mwalimu kwangu si mtu wa kukaribishwa kwenye moshi! Siku hiyo nikazima moto mapema, nikatoa majivu, nikafagia, nikamwagia sakafu ya udongo ndoo nzima ya maji vumbi lilale, nikaacha mlango wazi. Nikajisifu mwenyewe.

Saa nne mwalimu akaingia, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Pita, humu hakuna hata chembe ya vumbi."

Tukatazama. Juu matundu yapo. Chini madoa ya mwanga yapo. Katikati, hewani, hakuna kitu.

Mjukuu akanigeukia, machozi yanamlenga. "Bibi, umefanya nini?"

"Nimesafisha."

"Umefagia mwanga wangu!"

Mwalimu akacheka. Sikupenda. Akasema, "Ningerudi siku nyingine, lakini jina linatakiwa leo."

Nikamsogezea kigoda. "Kaa hapo, mwalimu. Hujala chakula changu, unakwenda wapi?"

Nikafunga mlango, nikachukua chekeche, nikatia unga wa muhogo. Miaka yote nimechekecha humo, najua siku ya unga mistari hunona. Nikachekecha kwa hasira, kama ninamchapa mtu. Unga ukapanda. Mstari wa kwanza ukajichora, wa pili, halafu yote, myeupe, kutoka bati hadi sakafu.

"Haya, sema," nikamwambia mtoto.

Akafuta machozi. "Mwanga ulikuwepo muda wote, ila ulikuwa unapita tu kwenda chini. Chembe za unga zinaugonga, unatawanyika kila upande, na kidogo kinafika machoni kwetu."

"Na pale chini, mbona tuliuona bila unga?" mwalimu akamtega.

"Sakafu ya bibi ina mikwaruzo, nayo inautawanya."

Mikwaruzo! Sakafu niliyoisiriba kwa mikono yangu. Lakini nilivimba kichwa kwa majivuno.

Mwalimu, nyusi nyeupe kwa unga kama mzee wa miaka mia, akaandika jina pale pale. "Na kule mjini nani atachekecha, bibi?"

"Nyie semeni siku tu."

Tulikwenda. Mtoto alibeba boksi la viatu alilolitoboa matundu, mimi nikabeba chekeche langu kichwani, na sikumpa mtu anisaidie.

Siku hizi mgeni akija jikoni nafagia kidogo tu. Maji simwagi.