Meka Iliyobonyea

Jambo lile lilitugharimu bukari, ugali wetu wa jioni, sahani tano. Nilizihesabu mara mbili. Kila nikifungua gunia langu hapa sokoni Likasi, harufu ya unga uliotoka mashineni ungali moto hunirudisha utotoni, siku ile.

Mama aliuza unga kwa meka, lile kopo la kupimia. Siku hiyo meka ilianguka kutoka kwenye baiskeli, kitako kikabonyea ndani, ikawa inabeba unga pungufu. Alipogundua, alikuwa amekwisha kumpimia jirani, yule aliyetucheka kila tukienda misa. Miye niliona faida. Mama akachota unga wetu wa jioni kwa bakuli, akanishika mkono, tukaenda kwa jirani kumlipa kilichopungua.

“Mama, weye iko muzima? Hata sikujua!” jirani akasema.

“Mi najua. Leta beseni.”

Jirani akaleta beseni, bila kucheka. Tukarudi na bakuli tupu, mama akiimba, nami nikimtazama kama vile amerefuka njiani.

Sasa binti yangu hukaa kando ya gunia. Hatazami wanunuzi, anatazama mikono yangu. Ninyi wenye watoto, nishaurini: kidole gumba changu, kilichozoea kuingia ndani ya meka nikipima, nikiweke wapi?