Baba Mdogo Alibaki Garini

Juzi, kwenye msiba wa baba mdogo huko Malvern, mzee aliyetumikia naye jeshini alituonyesha picha: vijana wa kikosi cha majini cha Ufaransa, baba mdogo akiwa mmoja wao, waliofunzwa vita vya msituni kule Guyana ya Ufaransa, wamezama topeni hadi kiunoni, majani yamewafunika.

Nikakumbuka alasiri moja ya kiangazi, nikiwa mtoto. Tulikuwa tunachoma nyama kwenye msitu wa Pickering, moshi na dawa ya mbu vikinukia. Yeye alibaki garini. Nilidhani analipenda gari kuliko sisi. Nikampelekea sahani.

"Huko ndani ya msitu mnaonana?" aliuliza.

"Tunaonana, baba mdogo."

"Basi msiachane."

Nikarudi mbio. Nilipogeuka, alikuwa ameshika mlango, ananitafuta kwa macho. Nikajificha nyuma ya mti, nikidhani atacheka.