Ukingo wa Kapu la Louvenia

Ulibaki ukingo tu. Louvenia Mazyck, jirani yangu, alikuwa akilishona kapu lile tangu majira ya baridi, kubwa kuliko beseni la kufulia, kwa ajili ya maonyesho ya mjini Charleston kuhusu watu weusi, ardhi na uhuru. Aliahidi litakuwa la nyasi za nyuma ya vilima vya mchanga vya pwani tu, pale alipojificha bibi wa bibi yake alipowatoroka mabwana waliomfanya mtumwa. Sasa nyasi zimemwishia, na zinakoota matajiri wamejenga majumba na kuweka geti.

Nilimpeleka kwa gari. Mlinzi alikuwa Cleveland, tunayeimba naye kwaya.

"Shangazi, siwezi kukufungulia."

"Nataka konzi chache tu. Sisi tunavuta majani, hatukati; mizizi inabaki. Zinaota tena."

"Najua. Marehemu mama si alikuwa mshonaji wa vikapu?"

"Basi fungua, huko aliko akuone una haya."

"Yeye ana malaika, Shangazi. Mimi nina bosi na kamera."

Ndani ya ua, mashine ilikuwa ikizifyeka nyasi zilezile pamoja na magugu.

Njiani nikamshauri anunue za Florida.

"Hizo ni za vikapu vya kuuza barabarani. Hili nimesema ni la kule. Niwadanganye watu?"

Akalipeleka hivyohivyo, ukingo wazi, awaombe wenye maonyesho wamtafutie ruhusa. Msimamizi wao, Simone, binti wa kanisani kwetu, alilizunguka huku machozi yakimlengalenga.

"Mama Louvenia, liache hivi. Uhuru usiokamilika! Watu watalia."

"Wakilia, geti litafunguka?"

"Lakini lina nguvu zaidi hivi."

"Nguvu gani, mwanangu? Likamate hapo, linafumuka. Sikuliacha kwa kupenda, nimezuiwa."

Simone akaahidi kuandika barua, maonyesho yakishapita. Louvenia akalikumbatia kapu lake, tukarudi nalo.

Jioni, barazani, akaanza kulifumua. Nyasi zikishashonwa huvunjika, kwa hiyo kila safu ilimpa chache tu zilizo nzima. Akaendelea kufumua. Lilipungua na kupungua, mpaka nyasi zikatosha kufunga ukingo, nalo limekuwa la kuwekea mikate ya watu wawili.

"Haya, limekwisha," akasema, akalisukumia kwangu bila kulitazama.